Adabu ya Macho

Nchini Guatemala, kando ya ziwa Atitlán lililozungukwa na volkano, uko mji mdogo wa Wamaya wa kabila la Tz'utujil, uitwao Santiago Atitlán. Humo huheshimiwa mtakatifu ambaye Kanisa halikupata kumtangaza: Maximón, au Rilaj Mam, yaani Babu Mkuu. Ni sanamu ya mti iliyovishwa kofia na leso nyingi za rangi, na sigara kinywani. Hukaa nyumbani mwa mmoja wa ndugu wa chama cha dini, na kila mwaka huhamia nyumba nyingine. Wenye haja humjia kwa mishumaa, tumbaku na pombe, wakiomba afya na riziki.

Wageni nao huja. Hulipa ada mlangoni, na atakaye kupiga picha huongeza. Basi huzuka swali: mtu asiyeamini ana haki gani ya kutazama ibada ya aaminiye?

Wapo wasemao kuwa aliyelipa amekwisha kupata haki. Lakini ada ile hupokewa na watunzaji wa nyumba. Mgonjwa aliyepiga magoti mbele ya sanamu hakuuza kitu. Machozi yake hayamo katika bei. Mgeni amenunua nafasi ya kusimama, hakununua siri ya mtu.

Wengine husema kuwa nia njema yatosha. Hao na wakumbuke habari ya sanamu yenyewe. Mwaka 1950 padri mmoja alijaribu kuiangamiza, kwa kuwa aliiona uovu. Kisha kinyago kimoja cha uso wake kilichukuliwa, kikafika katika jumba la makumbusho mjini Paris, na hakikurudi hata 1979. Padri alichukia, jumba lilitunza kwa uangalifu. Hata hivyo waabudu walipata hasara ile ile, maana hapana aliyewauliza. Kupenda kitu si kumheshimu mwenye kitu.

Je, heshima humlazimu mgeni kujifanya anaamini? La. Ambaye dini yake inamkataza sanamu hapaswi kuisujudia, wala anayejizuia na pombe hapaswi kuionja. Ibada ya uongo ni dharau nyingine, kwa kuwa humfanya mwenyeji mchezo. Mgeni aweza kukataa kwa upole, au kutoka nje, na utu wake usipungue.

Linalompasa ni dogo, nalo ni zito: avue kofia, ashushe sauti, angoje dua iishe, na aombe ruhusa kwa yule aombaye pia, si kwa mpokea ada peke yake. Akinyimwa, afunge chombo chake bila kinyongo. Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe. Alidhani amekwenda kutazama. Kumbe naye anatazamwa, na nyumba ile itamkumbuka kwa namna alivyosimama.