JIWE LILILOKO PORINI
Somo: Yoshua 4:1-9



Leo tutembee pamoja kwa mawazo. Huko Uskoti, nje ya kijiji cha Muirkirk, kuna njia inayoacha mashamba na kuingia pori la wazi. Miti ni michache. Kuna nyasi, udongo mweusi unaoshika maji, kondoo, na upepo wa baridi. Mahali paitwapo Priesthill, mbali na kanisa lolote, msafiri anakuta jiwe la kaburi. Hapo amelazwa John Brown.

Hakuwa mtu mkubwa. Alikuwa mkulima na mchukuzi wa mizigo kwa farasi. Kuanzia mwaka 1662 serikali ya mfalme ililazimisha kanisa la huko kuwa chini ya maaskofu aliowataka yeye. Wachungaji wapatao 300 waliokataa walipoteza makanisa yao. Waumini wakawafuata milimani na porini, wakaabudu bila paa, huku mwenzao akiwa juu ya kilima kulinda zamu. Mwaka 1670 sheria ikasema: anayehubiri kwenye mikutano hiyo atauawa.

Tarehe 1 Mei 1685 askari wa John Graham wa Claverhouse walimkamata Brown. Alikataa kuapa kiapo walichomtaka. Wakampiga risasi karibu na nyumba yake. Inasimuliwa kwamba mkewe, Isabel, alimfunga kichwa, akaunyoosha mwili, akaufunika kwa nguo yake, akaketi chini kulia.

Ndugu zangu, wapo kati yetu wanaomfahamu mama huyo bila kuambiwa zaidi. Na wapo ambao hata nafasi ya kuketi na kulia hawakuipata. Walikimbia, na kule nyuma hakuna jiwe, hakuna msalaba. Watoto waliozaliwa hapa kambini wanauliza, "Babu yuko wapi?" Tutawajibu nini?

Yoshua aliagiza mawe 12 yatolewe mtoni Yordani ili watoto watakapouliza, wazazi wawe na jibu. Na jibu lenyewe lilikuwa ni jinsi Mungu alivyowavusha.

Lakini tuseme kweli yote. Miaka sita kabla ya kifo cha Brown, tarehe 3 Mei 1679, watu wa upande huo huo uliokuwa ukiteswa walimvamia Askofu Mkuu James Sharp kwenye pori la Magus Muir, wakamtoa garini mwake na kumwua, binti yake akiwepo. Huko nako kuna mnara wa mawe. Kwa hiyo kuteswa peke yake hakumfanyi mtu kuwa mtakatifu. Machungu yaliyotunzwa vibaya huzaa mauaji mengine. Jiwe lile lile laweza kuwa madhabahu, tena laweza kuwa la kunolea panga. Anayechagua ni yule anayemsimulia mtoto.

Basi wazazi, wiki hii, baada ya chakula cha jioni, keti na watoto wako. Wape majina ya waliobaki nyuma. Usifiche kwamba waliuawa, maana uongo hauponyi kidonda. Lakini usimfundishe mtoto kuchukia kabila zima. Mwambie pia habari za jirani aliyekuficha, hasa kama hakuwa wa kabila lako. Mwambie nani alikupa maji njiani, na jinsi Mungu alivyokuvusha mpaka. Kisha mwombe pamoja.

Mwaka 1690 kanisa la wale waliofukuzwa lilirudishiwa nafasi yake. Brown hakuiona siku hiyo. Waebrania 11 inatuambia wengi walikufa katika imani kabla ya kupokea ahadi, nao waliishi katika hema kama sisi. Mungu hakuwasahau. Kaburi lisilo na jiwe analijua.

Bwana awabariki na kuzilinda familia zenu. Amina.