Dhamana na Amana



Wanavyuoni wetu wa sharia wana maneno mawili wanayoyaweka mkabala: dhamana na amana. Mwenye mkono wa dhamana hukilipa kitu kikiharibika, awe amekosa au hakukosa. Mwenye mkono wa amana ni yule aliyewekewa kitu akitunze: kikiharibika bila ya uzembe wake hatozwi, lakini akizembea hulipa. Maneno haya mawili tumeyarithi katika Kiswahili chetu, na leo yatukuta hata mbele ya meza ya muuza kompyuta. Hebu tuyatazame hapo.

Tuchukue mfano. Mtu mmoja ni katibu wa chama cha mtaani. Kina mama thalathini huweka vijisenti vyao humo, wakakopeshana bila ya riba, wakasaidiana katika arusi na maziko. Zamani hesabu ilikuwa daftarini. Katibu akaihamishia yote katika kompyuta yake: nani ameweka, nani anadaiwa, nani amekwisha lipa. Daftari likaliwa na mchwa, wala hakuna aliyejali. Siku moja kompyuta ikaanza kutoa mlio wa kugonga-gonga, kisha ikanyamaza kimya. Fundi akasema diski ngumu imekufa. Katibu akaitafuta risiti, akaona diski ina dhamana ya miaka 2, nao huu ni mwezi wa 20. Akashukuru: "Alhamdulillahi, dhamana bado ipo."

Msomaji mpenzi, tumuulize: dhamana ipo, lakini ni dhamana ya nini?

Diski ngumu ni sahani nyembamba zilizopakwa dawa yenye kushika sumaku, nazo huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika moja. Juu ya sahani huelea kichwa kidogo cha kusoma na kuandika, na nafasi iliyo baina yao ni nyembamba kuliko unywele wa mwanadamu mara maelfu. Kichwa kikiigusa sahani, huikwaruza, na maandishi hupotea. Chombo cha namna hii hakina ahadi ya kuishi. Mwaka 2007 watafiti Bianca Schroeder na Garth Gibson wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walitoa uchunguzi wao juu ya diski zipatazo 100,000. Kwa maelezo ya watengenezaji, zilitarajiwa kuharibika chini ya 1 katika kila 100 kwa mwaka. Wao walikuta kwamba zinazobadilishwa ni 2 hadi 4 mara nyingi, na mahali pengine zilifika 13.

Basi mtengenezaji anapoandika dhamana ya miaka 2, 3 au 5, hasemi kwamba diski haitakufa. Asema kwamba ikifa yenyewe ndani ya muda huo, atakupa nyingine, na pengine hiyo nyingine ni iliyotengenezwa upya. Yaliyokuwa ndani yake hayamhusu, na jambo hilo huliandika wazi katika karatasi yake. Dhamana yafidia chuma. Hesabu za kina mama thalathini hazimo.

Kabla hatujamrudia katibu, tutazame haki za pande mbili za biashara hii, kwani kila upande una mtihani wake.

Muuzaji ana wajibu wa kudhihirisha aibu ya bidhaa yake. Sote twakijua kisa cha Mtume wetu (S.A.W.) alipopita sokoni, akatia mkono katika chungu ya nafaka, akakuta chini yake imeloa. Mwenye mali alisema ni mvua. Mtume (S.A.W.) alimlaumu kwa kutoiweka juu ile iliyoloa watu wakaiona, akabainisha kwamba mdanganyifu hana nafasi pamoja nasi. Tazama kwamba yule mtu hakusema uongo, bali alinyamaza tu. Na kunyamaza huko hakukwisha. Mwaka 2020 ilijulikana kwamba kampuni ya Western Digital iliuza baadhi ya diski zake za jina la Red ambazo mistari yake ya maandishi hulaliana kama makuti ya paa, nayo haikuwaambia wanunuzi. Diski za namna hiyo huweza kuwa nzito mno katika kazi ya kuandika upya, na waliozinunua walizitaka kwa kazi hiyo hasa. Kelele zilipozidi, kampuni ikatoa orodha ya diski hizo. Nafaka iliyoloa ikatolewa juu, lakini baada ya mkono wa mnunuzi kuigusa.

Mnunuzi naye asijione msafi. Dhamana haihusu diski iliyoangushwa, iliyoingia maji au iliyofunguliwa na fundi wa mtaani. Tuseme katibu wetu akumbuka kwamba wiki tatu zilizopita mtoto aliivuta waya, kompyuta ikaanguka sakafuni. Dukani aulizwa: "Iliangushwa?" Mkewe amwambia anyamaze, kwani kampuni ni tajiri, na nani atajua? Sura ya Al-Mutaffifin yaonya juu ya watu ambao wakipimiwa hutaka wajaziwe, na wakiwapimia wengine hupunguza. Tumezoea kuisoma sura ile kwa ajili ya wenye maduka. Lakini mnunuzi amtakaye muuzaji aseme kila aibu ya bidhaa, kisha yeye mwenyewe akaificha aibu aliyoitia kwa mkono wake, ana mizani miwili nyumbani mwake. Utajiri wa aliyedhulumiwa haugeuzi dhulma ikawa haki.

Tuseme basi kwamba amesema kweli, na muuzaji kwa hisani yake amekubali kumpa diski mpya. Lipo jambo la tatu ambalo wengi hawalifikirii. Mtengenezaji huitaka ile diski mbovu irudi kwake. Nayo haikufa yote: yaliyomo humo mara nyingi mtaalamu aweza kuyatoa. Ndani yake mna majina ya wanawake, madeni yao, na pengine barua ya mmoja wao aliyeomba msaada kwa sababu mumewe hakumwachia masurufu. Je, katibu ana haki ya kuitia sitara ya watu katika boksi na kuipeleka kwa asiowajua ili apate diski ya bure? Mimi naona hana, ila wenyewe wamruhusu. Kama siri hazikufungwa kwa ufunguo wa kompyuta tangu mwanzo, na diski haiwezi tena kufutwa, basi bora aikose ile mpya. Hapa ndipo dhamana na amana zinapogombana, na anayeshika amana hujua ipi iachwe.

Sasa turudi kwenye asili ya jambo. Je, katibu alizembea? Atasema: diski imekufa kwa kadari ya Mwenyezi Mungu. Ni kweli, kila kitu ni kwa kadari yake. Lakini yeye alijua, kama ajuavyo kila mwenye kompyuta, kwamba diski hufa, na mali ya watu thalathini aliiweka mahali pamoja tu. Katika sura ya Al-Baqara, aya ya 282, iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, Mwenyezi Mungu (S.W.T.) atuamrisha kuandika madeni, na juu ya maandishi wakatakwa mashahidi wawili. Sisemi kwamba aya ile yazungumzia kompyuta. Nasema kwamba mwenye kuizingatia ataona jinsi haki za watu zisivyoachwa zining'inie kwenye uzi mmoja.

Wakumbuke Masahaba. Katika vita vya Yamama waliuawa wengi waliohifadhi Kurani. Sayyidna Umar alihofu, akamshauri Sayyidna Abubakar ikusanywe katika maandishi. Baadaye Sayyidna Uthman akaamuru zinakiliwe nakala na kupelekwa katika miji mbalimbali. Hawa ni watu waliokuwa na ahadi ya Mwenyezi Mungu kwamba Kitabu chake kitalindwa, na hata hivyo hawakukaa wakaingojea ahadi mikono imekunjwa. Sisi tusio na ahadi yoyote juu ya diski zetu twalala vipi? Hapa pwani kwetu pia, hati za kale za Msikiti wa Riyadha, Lamu, zimepigwa picha za kompyuta katika mpango wa British Library, ili maandishi yasipotee pamoja na karatasi. Aliye na karatasi alitafuta picha. Aliye na picha naye na atafute mahali pa pili.

Katibu wetu afanye nini? Awakusanye kina mama, awaambie kilichotokea bila ya kupamba. Asizijaze hesabu kwa kubahatisha, kwani tarakimu ya kubuni ni ushahidi wa uongo. Kila mmoja alete alichonacho: risiti, ujumbe wa simu, shahidi. Mwenye kudai atoe ushahidi na mwenye kukana aape, kama ilivyo katika sharia yetu. Wakikhitilafiana kuhusu kama katibu atalipa, wende kwa kadhi. Na huenda mama mmoja aliyekopa, ambaye jina lake limepotea na hakuna amjuaye, atasimama mwenyewe aseme: "Mimi nadaiwa." Huyo atakuwa amehifadhi amana mahali ambapo hapaharibiki.

Msomaji mpenzi, pengine wewe si katibu wa chama. Lakini katika kompyuta au simu yako mna sauti ya marehemu mzazi, hati ya shamba la wakfu, au hesabu ya deni la mtu. Weka nakala ya pili, na ya tatu uiweke nyumba nyingine. Fanya leo, kabla ya kulala. Dhamana ina tarehe ya kwisha, nayo imeandikwa katika risiti. Amana haina tarehe hiyo mpaka siku itakaporudi kwa mwenyewe.

Wabillahi tawfiq.