Mwenye Bunduki Ana Jirani

Tarehe 27 Januari 2025, waasi wa M23 walipokuwa wakiingia Goma, Kongo, risasi na mabomu yalivuka mpaka yakaangukia Gisenyi, Rwanda. Watu waliuawa upande wetu huu. Shule zikafungwa, na wakazi wa karibu na mpaka wakabeba watoto wao wakatafuta pa kujihifadhi. Aliyekuwa mtaa wa Mbugangari, Gisenyi, siku ile hahitaji kuelezwa kwamba Gisenyi na Goma ni mji mmoja uliokatwa na kizuizi cha forodha.

Vita vile vina wakubwa wake na meza zake za mazungumzo. Mimi nataka tuzungumzie bunduki inayobaki mtaani majeshi yakishapita. Askari waliokimbia Goma walivua magwanda wakatupa silaha barabarani, na si zote zilizookotwa na watu wazima. Siku hiyohiyo maelfu ya wafungwa walitoroka gereza la Munzenze. Silaha zimezagaa, wahalifu wako huru, kazi hakuna: hebu fikiria kijana wa miaka 17 anajifunza nini hapo.

Wenzetu wa Goma wameishi na balaa hili miaka mingi. Mbadilisha fedha anapigwa risasi jioni akifunga meza yake. Nyumba inavamiwa usiku na watu wenye silaha za kivita. Na bado hawakukaa wakalia tu. Kuna mitaa ambako mlango ukigongwa kwa kishindo usiku, mwenye nyumba anapuliza filimbi, jirani anashika sufuria na mwiko anagonga, wa tatu anaitikia, hadi mtaa mzima unapiga kelele. Sufuria dhidi ya Kalashnikov! Lakini jambazi anategemea giza na ukimya, na anategemea kila mtu ajifunike shuka aseme hayanihusu. Mtaa ulioamka wote humpotezea hesabu.

Sisi upande wa Rwanda tusijidanganye kwamba tumeokoka. Ni kweli bunduki mikononi mwa raia ni nadra kwetu, na sheria ni kali. Lakini Rubavu, wilaya yetu, ina vijana wanaoitwa Abuzukuru ba Shitani, wajukuu wa shetani, wanaowakaba wapita njia kwa visu na mapanga. Ina abacoracora, yaani wanaopenya mpaka usiku na magendo, na baadhi yao wamepigwa risasi wakafia palepale mpakani. Mwenye kisu huku na mwenye bunduki kule wametenganishwa na mwendo wa dakika chache kwa miguu. Na tuseme ukweli: vijana hawa hatuwajui kwa sura tu, tunawajua kwa majina. Tunajua nani aliacha shule, nani alifukuzwa na baba wa kambo, nani ameanza kuwa na pesa zisizo na maelezo.

Basi nguvu yetu iko hapo. Kila mwenye bunduki ana mama, ana jirani, ana mtu aliyecheza naye mpira utotoni. Polisi wanaweza kuikamata silaha. Lakini kumfanya mtu aiweke chini kwa hiari yake, kabla hajaua, ni kazi ya anayemjua.

Eneo hili lina ushahidi wake. Mwaka 1997 na 1998 vita vya abacengezi, wapiganaji waliopenya kutoka Kongo, viliuma sana kaskazini-magharibi ya Rwanda. Huko Mudende, ndani ya wilaya yetu hii, wakimbizi kutoka Kongo waliuawa kambini Agosti 1997, kisha tena Desemba. Jeshi lilipigana, ndiyo. Ila kilichofuata kilidumu kuliko mapigano: mwaka 1997 iliundwa tume ya kuwarejesha wapiganaji katika maisha ya kiraia, na kwa miaka mingi kambi ya Mutobo, Musanze, imewapokea waliotoka misituni Kongo. Wengi walirudi baada ya kusikia redioni, au kwa simu ya ndugu, kwamba nyumbani bado wana nafasi. Mtu aliyeshika silaha nusu ya umri wake alishawishiwa na sauti ya dada yake.

Wengine walijifunza hili kwetu Afrika, sisi tukalisahau. Daktari Mmarekani Gary Slutkin alipambana na kifua kikuu na kipindupindu katika kambi za wakimbizi Somalia, kisha akafanya kazi ya UKIMWI na Shirika la Afya Duniani, Uganda ikiwemo. Aliona watu wakibadilika pale walipozungumza na mtu wa kwao waliyemwamini. Akarudi Chicago, akakuta risasi zinaambukizana mtaani kama ugonjwa, kisasi kikizaa kisasi. Mwaka 2000 alianza West Garfield Park, akiwatumia watu wa mtaa uleule, wengine waliowahi kuwa kwenye magenge, wakatulize ugomvi kabla haujafika kwenye risasi. Mwaka wa kwanza, matukio ya kupigwa risasi mtaani hapo yalipungua kwa asilimia 67. Na fedha za serikali zilipokatika mwaka 2015, kazi ikasimama katika mitaa mingi. Kumbukeni hilo la mwisho, maana sisi ni hodari wa kuzindua na wepesi wa kuacha.

Msumbiji nao, kuanzia 1995, Baraza la Kikristo chini ya Askofu Dinis Sengulane liliwaambia watu: leteni bunduki, chukueni baiskeli, cherehani au jembe. Mwenye kuleta hakuulizwa alimpiga nani. Alipewa kitu cha kumlisha kesho.

Mimi naamini fungu kubwa liko hapo, kwenye kulisha. Nenda Petite Barrière, kivuko cha mpakani, asubuhi utazame walemavu wa baiskeli za magurudumu matatu: mizigo imepanda juu ya kichwa cha mwendeshaji, mikono inazungusha pedali, vijana wawili wanasukuma nyuma kwenye mwinuko. Wamejiunga katika ushirika, wana utaratibu wao, na kila safari inawalisha watu zaidi ya mmoja. Kijana anayesukuma baiskeli ile ana sababu ya kulala usiku. Mwenye duka, chukua kijana mmoja asiye na kazi. Motari, dereva wa pikipiki, mfundishe mmoja. Aliyetoka Mutobo akiomba kazi, usimtazame kama bomu.

Isibo, kundi dogo kabisa la majirani, ina nyumba chache tu, kati ya 15 na 20 hivi. Mutwarasibo, kiongozi wa isibo, huwezi kukosa kujua kijana gani kapotea njia katika nyumba 20. Peleka kwenye umugoroba w'imiryango, mkutano wa familia za mtaa, jina la shida yake na mpango wa kumsaidia. Majungu yabaki nje. Imamu wa Majengo na padri wa Nyundo, kaeni pamoja, kwa sababu mazishi ya mtoto wa mtu hayachagui dini. Polisi, mkipewa habari kwa 112, lindeni jina la aliyepiga; akitajwa mara moja tu, mtaa mzima utafunga mdomo. Na watu wa irondo, doria ya usiku, mwizi aliyekamatwa ni wa kukabidhiwa. Kumpiga hadi afe ni kuongeza muuaji mwingine mtaani.

Woga nauelewa. Lakini huu ni mji wa Félicité Niyitegeka. Aprili 1994, hapa Gisenyi, aliwahifadhi Watutsi waliokuwa wakiwindwa. Ndugu yake, kanali wa jeshi, alitaka kumwokoa peke yake. Akakataa kuwaacha zaidi ya watu 40 aliokuwa nao, akauawa pamoja nao tarehe 21. Leo ni shujaa wa taifa. Yeye alisimama mbele ya bunduki bila mlinzi. Wewe unaombwa saa moja ya jioni, na ujasiri wa kubisha hodi kwa jirani yako kumwambia kwamba mwanao namuona, tumsaidie.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu kuna umuganda, kazi ya pamoja ya jamii. Kazi ikiisha tutakaa chini kwa mkutano kama kawaida. Usiondoke mapema. Nyoosha mkono, omba neno, na uulize mbele ya wote: katika mudugudu, yaani kijiji chetu, nani anamfuata kijana gani, na ataanza lini? Msitawanyike kabla majibu hayajaandikwa.