Nilimwambia Amepewa

Shangazi yangu alilala ICU siku kumi na moja. Siku ya nne bintiye, aliye Ujerumani na asingeweza kuja kwa sababu ya mambo ya karatasi, alituma ujumbe kwenye kundi la familia: wampime mama vitamini D. Alikuwa amesoma kwamba wagonjwa mahututi wengi huwa na upungufu wake. Ni kweli. Majibu yakaja: 9. Chini ya 20 tayari ni upungufu.

Nilishangaa. Nairobi hii, hatua chache kutoka ikweta, mtu anakosaje vitamini ya jua? Halafu nikakumbuka kibanda chake cha nguo River Road, orofa ya chini kabisa, taa zinawaka mchana kutwa. Alitoka nyumbani kabla ya mapambazuko na kurudi giza limeingia. Jua walikutana Jumapili.

Binamu akatuma pesa siku hiyo hiyo. "Nunua, wampe." Nikamwendea daktari nikiwa nimekasirika, niseme ukweli. Kama mmeona imeshuka, mnangoja nini?

Hakunifokea. "Swali, kijana wangu, ni kama ilishuka ndiyo akaugua, ama aliugua ndiyo ikashuka." Mwili ukizidiwa na maambukizi, protini inayobeba vitamini D kwenye damu hupungua, na kipimo nacho kinashuka. Kisha akanieleza majaribio, nami usiku nikayasoma mwenyewe. Mwaka 2014 watafiti wa Graz, Austria, walitoa matokeo ya wagonjwa 492. Waliopewa dozi kubwa, uniti 540,000, hawakutoka hospitali mapema kuliko waliopewa dawa bandia. Lakini kati ya wenye upungufu mkali, walikufa wachache zaidi, na matumaini yakashika hapo. Marekani wakajaribu tena kwa wagonjwa zaidi ya 1,000. Jaribio likasimamishwa mapema, kwa sababu faida haikuonekana. Matokeo yakachapishwa 2019: baada ya siku 90, asilimia 23.5 ya waliopewa vitamini walikuwa wamefariki, na 20.6 ya wale wengine. Tofauti hiyo inaweza kuwa bahati tu. Kilichonikaa kichwani ni kipimo chenyewe: siku ya tatu, wastani wa waliopewa ulikuwa 46.9, wa wenzao 11.4. Namba ilipona vizuri sana.

Sasa, dozi ile ingekuwa ya nani? Ndani ya ICU ndugu hana kazi. Mashine inapumua, nesi anamgeuza mgonjwa, wewe umesimama tu na lile gauni la kuazimwa. Ukipata kitu cha kununua, unajiona mtu tena. Kuna atakayesema, kama haidhuru, si mngempa tu? Hoja hiyo ilinisumbua, maana si dawa ya bei. Lakini nikiikubali leo kwa vitamini, kesho mjomba ataleta mwarobaini, keshokutwa mwingine na chupa yake, na mwili wa shangazi utageuka mahali pa kutulizia hofu zetu. Naye ana mrija kooni. Hawezi kusema hapana.

Kwa hivyo sikununua. Pesa nikazilipa kwenye bili. Niliona nimefanya jambo la haki.

Halafu binamu akauliza, saa sita usiku kwao. Nikaandika: "Amepewa." Akajibu kwamba sasa atajaribu kulala.

Kwenye yale majaribio, mtu huambiwa kwanza kwamba huenda akapewa bandia, ama familia yake huambiwa, na wanakubali au wanakataa. Mimi nilimpa binamu yangu bandia bila kumuuliza. Nilichokataa kumfanyia mama, nilimfanyia binti. Najitetea kwamba alihitaji usingizi, lakini hebu ona, hiyo ni ile "haidhuru" niliyoikataa mchana.

Shangazi alifariki. Siku ya mazishi binamu alikuwa kwenye simu, video inakatika-katika, akasema, "Angalau tulijaribu kila kitu." Nikaitikia.

Karatasi zake zimetoka. Anakuja Desemba, na ameomba nimwekee risiti zote za hospitali.