Chombo cha Kuazima na Dhamana Yake



Kuazimana ni jambo ambalo sisi watu wa pwani tumelizoea mpaka hatulifikirii tena. Kinu, mbuzi ya kukunia nazi, mkeka wa wageni, sinia la harusini, vyote hutoka nyumba hii vikaingia nyumba ile, na baadaye vikarudi. Katika Suratul Maun Mwenyezi Mungu amewakemea wanaowanyima wenzao vyombo vidogo vidogo vya matumizi, na Sahaba Abdullahi bin Masud (R.A.) alipoieleza aya hiyo alitaja shoka, chungu na ndoo. Kwa hiyo hapana haja ya kubishana kama kuazimana ni wema au si wema.

Lakini leo nataka tuzungumze juu ya chombo kikubwa kuliko chungu, nacho ni chombo cha safari. Kwetu huku, mtu asiye na chombo ni kama asiye na miguu. Anayetoka Nyamisati kwenda Mbwera au Salale hapiti barabarani. Anapita katika vijito baina ya mikoko, naye hungoja maji yajae ndipo aondoke, na maji yakipwa humwacha juu ya tope. Mpunga hupita humo, kamba hupita humo, mgonjwa hupita humo, na maiti pia. Basi neno "niazime mtumbwi wako" katika Delta ya Rufiji si neno dogo. Mtumbwi wenyewe ni mwembe mzima uliokatwa na kuchongwa kwa tezo siku nyingi, na mara nyingi ndio mali pekee aliyo nayo mtu baada ya nyumba na shamba.

Na huku nchi kavu, tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 na watu wakaachana na kungoja kivuko pale Ndundu, pikipiki zimejaa Kibiti, Bungu na Ikwiriri. Kijana ana pikipiki, rafiki yake hana. "Nipe nikapeleke abiria mmoja tu, narudi sasa hivi." Nani atamnyima rafiki?

Vijana wa darsa yangu waliniuliza swali lililowafanya wazee waliokuwapo wacheke. Waliuliza juu ya michezo ya simu. Katika michezo hiyo vijana hukutana kwa intaneti, mmoja yuko Kibiti, mwingine Tanga, mwingine Maskati, wakawa timu moja. Mchezaji hujipatia gari la mchezoni kwa kucheza saa nyingi, au kwa pesa za kweli zinazokatwa katika simu. Mwenzake wa timu humwomba amwazime. Wakaniuliza: je, inafaa mchezo uwaruhusu wachezaji waazimane hivyo? Na gari likiharibiwa, kuna deni?

Mimi sikucheka. Kitu kilichonunuliwa kwa pesa za mtu kina haki ya mtu, hata kama hakishikiki kwa mkono. Nikawajibu kwamba kuazimana huko kunafaa, maadamu mchezo wenyewe ni wa halali na hauwapotezei Sala. Ila iwe kwa ridhaa ya mwenye gari, si kwa timu kujichukulia, na awe na uwezo wa kulirudisha kwake. Na kama likiharibika halirudi bila kulipiwa tena, basi aliyeliazima ana deni. Kwa kweli yapo magari mengi ya mchezoni ambayo yakivunjika hurudi mazima kwa kubonyeza tu. Hayo hayana deni, ila ndiyo yanayonitia wasiwasi. Kijana anazoea kuendesha cha mwenziwe bila kuogopa, na akiulizwa husema, "Si tuko timu moja?" Kisha neno lile lile analichukua mpaka kwenye njia ya Bungu kwenda Nyamisati, juu ya pikipiki ya kweli.

Hebu tulitazame neno hilo la "timu moja". Mwaka wa 8 wa Hijra, Mtume (S.A.W.) alipokuwa akijiandaa kwa vita vya Hunayn, alihitaji deraya. Safwan bin Umayya alikuwa nazo nyingi, naye wakati huo alikuwa bado hajasilimu. Alipoombwa aliuliza kama zinachukuliwa kwa nguvu. Mtume (S.A.W.) akamjibu kuwa ni za kuazima, tena zenye dhamana. Baada ya vita baadhi yake zilipotea, na Mtume akataka kuzilipa. Safwan ndiye aliyesamehe, kwa kuwa moyo wake ulikwisha kuelekea Uislamu. Angalia, ndugu msomaji: jeshi zima lilikuwa na shida, na jambo lenyewe lilikuwa la umma. Hata hivyo haikusemwa kwamba kwa kuwa tuko pamoja basi mali yako ni yetu. Je, mimi na wewe tutamwambia rafiki maneno hayo kwa ajili ya abiria mmoja wa Bungu?

Katika madhehebu yetu ya Shafii hukumu yake ni hii. Kilichochakaa kwa matumizi yale yale uliyoruhusiwa hakina malipo. Umepewa baiskeli uende nayo sokoni, tairi limelika kidogo, hudaiwi. Kilichopotea au kuharibika kwa sababu nyingine, utalipa thamani yake, hata kama hukufanya uzembe. Uliufunga mtumbwi vizuri, usiku mwizi akaukata kamba, deni ni lako. Wenzetu wa Hanafi wanaona kuwa kitu cha kuazima ni amana, na hakilipwi ila mtu akivuka mpaka. Wao wana hoja zao na tunawaheshimu.

Huenda ukaona kwamba hukumu ya Shafii inamlemea mwombaji, ambaye kwa kawaida ndiye mnyonge. Mimi naona kinyume chake. Mara nyingi mwenye mtumbwi naye ni fukara. Nimekaa na watu wengi wanaoitwa wachoyo, na ukiwauliza pole pole utakuta hawakuzaliwa na uchoyo. Waliazimisha, wakaletewa chombo kimepasuka, na aliyekipasua akasema "ni kazi ya Mungu" kisha akaenda zake. Dhamana ndiyo inayomfanya fukara athubutu kumwazima fukara mwenziwe. Iondoe, na kila mtu ataufungia mtumbwi wake kwa mnyororo na kufuli.

Sasa tuje kwa pikipiki, maana hapa kuna fundo. Kijana wengi mnayemwona juu ya pikipiki si mwenyewe. Amepewa kwa mkataba, kila jioni hupeleka hesabu kwa tajiri. Anapompa rafiki yake awe deiwaka wa saa mbili, anaazimisha kitu cha nani? Wanazuoni wetu wamesema kwamba aliyeazima hana ruhusa ya kumwazima mtu mwingine bila idhini ya mwenyewe. Aliyekodi yeye ananunua manufaa, kwa hiyo anaweza kumpandisha mwingine badala yake, lakini awe aliye kama yeye, asiwe mzito zaidi wala asiwe mjinga zaidi wa kuendesha. Haya yalisemwa juu ya ngamia na punda, na yanaifaa pikipiki kabisa. Na ikiwa tajiri ameshasema "usimpe mtu mwingine", hapo mlango umefungwa, kwani Waislamu husimama juu ya masharti yao. Rafiki asiye na leseni, asiyeijua pikipiki hiyo inavyoshika breki, akimwangusha mama mjamzito njiani, wote wawili wataulizwa. Wala lile neno la kuona haya, "ningemwambiaje, ni rafiki yangu", halitamrudishia mama yule mtoto wake.

Hata hivyo isifikiriwe kwamba mwenye chombo ana hiari siku zote. Kuazimisha asili yake ni sunna, lakini huwa wajibu palipo na roho ya mtu. Wanazuoni wamepiga mfano wa kamba ya kumwokolea anayezama. Mwezi wa Aprili 2024 mafuriko yalifunika mashamba na nyumba katika Rufiji na Kibiti, na mapema Mei kikaja kimbunga Hidaya. Siku kama hizo, mwenye mtumbwi asiyeuhitaji kwa kuokoa watu wake hana haki ya kuuficha, wala kusema "subiri nifikiri". Fundi akiharibu, dhamana ipo pale pale, italipwa maji yakishuka. Na ukishautoa, huwezi kusimama ukingoni ukapiga kelele urudishwe hali mtu yuko katikati ya mto na watoto wake. Hukumu ya chombo cha majini ni kwamba kikishaingia na mizigo ya watu, mwenyewe hangoji chini ya nchi kavu.

Kuna adabu moja ndogo niitaje kwa haraka. Mtume (S.A.W.) alipanda farasi wa Abu Talha aliyeitwa Mandub, farasi aliyejulikana kwa uzito wa mwendo, siku Madina iliposhtuka kwa kelele usiku. Aliporudi alimsifu farasi yule, akamfananisha na bahari. Sisi turudishapo chombo huanza na kasoro zake: kinavuja, kinapinda. Tena gharama ya kukirudisha ni ya aliyeazima. Si mwenyewe akufuate Kiongoroni kuuchukua mtumbwi wake.

La mwisho ndilo zito, na limeenea katika vijiji vyetu bila watu kulijua. Mkataba wa kuazima huvunjika kwa kufa. Baba alimwazima mdogo wake mtumbwi, baba akafariki, mdogo anaendelea kuvua kwa kuwa "kaka mwenyewe alinipa". Tangu saa ile ya mauti mtumbwi ni wa warithi, na ndani yao wamo mayatima na mjane aliye edani asiyeweza kutoka kudai. Baba mdogo huyo ni mtu mwema, kila siku huwapelekea watoto samaki wawili. Lakini samaki hao wametoka katika mali yao wenyewe. Inambidi aurudishe mtumbwi siku ile ile mbele ya msimamizi wa mirathi, na akitaka kuendelea nao akodi. Na kama amekwisha kuutumia kwa msimu mzima, wakae wahesabu ijara ya msimu huo kwa bei wanayokodishana watu pale pale kijijini, na wale samaki wasiingizwe katika hesabu, maana aliwatoa kwa jina la zawadi.