Matone ya Mwanangu, Afya ya Jirani Yangu



Vijana wenzangu, leo tutafakari swali ambalo wengi wetu tutakutana nalo tukiwa wazazi: je, ni haki kumpa mtoto chanjo ambayo faida yake kubwa inamwendea mtu mwingine?

Usidhani ni swali la darasani tu. Mwaka 2013 huko Israeli, virusi vya polio vilikutwa kwenye maji taka ya mji wa Rahat, upande wa kusini. Cha ajabu, hakuna mtoto aliyepooza. Tangu 2005 watoto wa nchi ile walikuwa wanachanjwa kwa sindano peke yake, na sindano inafanya kazi yake vizuri: inaweka kingamwili kwenye damu, kirusi hakifiki kwenye mishipa ya fahamu. Ila kwenye utumbo kinga yake ni ndogo. Mtoto anaweza kuwa mzima kabisa, anacheza, kumbe anakibeba kirusi na kukitoa chooni mpaka kimfikie asiye na kinga.

Matone ni tofauti. Ndani yake kuna kirusi hai kilichodhoofishwa. Mtoto akimeza, kinazaliana utumboni, na mwili unajifunza kupigana nacho pale pale mlangoni. Kirusi kikali kikija baadaye, hakipati nafasi ya kutosha ya kukaa na kuenea kwa wengine.

Basi serikali ikawaambia wazazi: watoto waliokwisha kuchanjwa sindano, wapeni na matone. Watoto wenyewe walikuwa salama tayari. Matone yalikuwa kwa ajili ya kichanga ambaye hajamaliza dozi, au mgonjwa ambaye kinga yake imeshuka. Hapo mzazi ana haki ya kuuliza: kwani mwanangu ni chombo?

Tusimcheke anayeuliza hivyo. Kanisa letu linafundisha kwamba mtu si chombo cha kutumiwa, hata kwa lengo jema. Na ni kweli kwamba matone, mara chache mno, huweza kusababisha kupooza: mtoto mmoja kati ya mamilioni ya dozi. Lakini mtoto aliyetangulia kupata sindano amekingwa hata na hatari hiyo. Kwa hiyo wazazi wale hawakuombwa kumtoa mtoto sadaka. Waliombwa kitu kidogo sana.

Halafu kuna jambo lingine. Swali lile linamchukulia mtoto kana kwamba afya yake ni mali yake peke yake, hadai wala hadaiwi. Si kweli. Kichanga huja duniani na kingamwili za mama yake, alizopewa akiwa bado tumboni. Zinamlinda mwanzoni, ingawa hizo hizo zinaweza kupunguza nguvu ya matone ya kwanza. Vijidudu vingine vya tumboni navyo vinachangia. Ndiyo maana dozi moja haitoshi. Kwetu Tanzania anapewa akizaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Katikati ya dozi hizo nani anamlinda? Ni watoto wa jirani ambao kirusi hakikupata njia kwao.

Kwa hiyo mtoto anayepewa matone kwa ajili ya wengine hatumiwi. Anaingizwa kwenye familia iliyokwisha kumbeba yeye. Utasema, lakini hajachagua. Sawa, hata Ubatizo hakuchagua. Mzazi humchagulia mema kabla hajajua kusema, na kuwa jirani wa mtu ni mojawapo ya mema hayo.

Na jirani hana mpaka. Mwaka 2022 Malawi ilitangaza kupata mgonjwa wa polio, na kirusi chake kilikuwa na undugu na kile cha Pakistan. Tanzania, wahudumu wakapita nyumba kwa nyumba na matone. Yule mwalimu wa sheria aliyemuuliza Yesu jirani yake ni nani, alijibiwa kwa habari ya Msamaria. Sisi tunajibiwa hata na maji taka.

Basi wiki hii, ukimsikia mzazi ana wasiwasi na chanjo, usimgombeze. Kaa naye, msikilize, mweleze unachokijua, na umsindikize kliniki akiuliza maswali yake huko.

Bikira Maria, Mama wa watoto wote, utuombee. Amina.