Kipaza Sauti na Jawabu

Kumpa kijana sauti: maneno haya yamezoeleka mno katika semina na maandiko ya miradi, hata hatuulizi tena yana maana gani. Sauti kijana anayo tangu alipolia kilio chake cha kwanza. Anachoweza kupewa na mwenziwe ni kipaza sauti, na kipaza sauti hakijui amani wala vita. Nataka, msomaji wangu, tulitazame jambo hili bila ya pupa, kwani redio za jamii zimeenea Afrika Mashariki, na aghalabu huahidi kuwafanya vijana wajumbe wa amani.

RTLM ilipoanza kutangaza kutoka Kigali, Julai 1993, iliwavutia vijana kwa muziki, mizaha na lugha ya mitaani. Sauti ilitolewa kwa ukarimu. Haukupita mwaka neno "kazi", neno safi kabisa, likawa na maana ya kuua, na jirani akaitwa mende. Tarehe 3 Disemba 2003, mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani waasisi wawili wa redio hiyo pamoja na mhariri wa gazeti moja. Mimi niliye mfasiri, neno hilo "kazi" hunitisha kuliko matusi yote, kwa kuwa kamusi haiwezi kulishtaki.

Basi walitokea waliojaribu kuigeuza zana ile ile. Burundi, mwaka 1995, iliundwa Studio Ijambo, ambamo waandishi wa Kihutu na wa Kitutsi walitengeneza vipindi pamoja wakati nje watu wakiuana. Kibera, Pamoja FM, redio changa wakati huo, iliwasihi vijana wa mtaa watulie katika machafuko ya baada ya uchaguzi wa Kenya wa 2007, yaliyoua watu zaidi ya 1,100.

Lakini mfano unaonishughulisha zaidi ni mchezo wa redio wa Rwanda, Musekeweya, ulioanza mwaka 2004: vijiji viwili vya kubuni vyenye uadui, na vijana wawili wapendanao juu ya uadui huo. Mtafiti wa Marekani, Elizabeth Levy Paluck, aliwalinganisha waliousikiliza na waliosikiliza mchezo wa mambo ya afya, na mwaka 2009 akatangaza alichokiona. Imani za ndani za wasikilizaji hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni walivyodhani wenzao wanaona ni sawa kutenda, pamoja na ujasiri wa kupingana hadharani. Mwisho wa utafiti kila kikundi kiliachiwa redio ya kutumia kwa pamoja. Waliosikiliza mambo ya afya walielekea kumkabidhi kiongozi mara moja, yakaisha. Wasikilizaji wa Musekeweya walibishana, na aghalabu wakaamua kuitunza wenyewe kwa shirika.

Walibishana! Wala hawakupigana. Natamani kila mfadhili wa redio ya amani akalie tukio hilo siku nzima, kwani wengi wao wanataka kijana asome tangazo la kusihi utulivu, kisha upigwe muziki.

Hebu tuende Chunya, kaskazini ya Mbeya. Dhahabu ya Lupa imekuwa ikiwavuta watu huko tangu miaka ya 1920. Wamo wachimbaji wadogo na maduara yao, makarasha na zebaki. Wamo wakulima wa tumbaku. Wamo wafugaji wa Kisukuma waliohamia na ng'ombe wao, na ng'ombe hajui mpaka wa shamba. Tuseme kijana wa Makongolosi ameshuka duarani miezi mitatu na mgawo wake hajauona. Tuseme mwenziwe, mchungaji, ametozwa faini bila stakabadhi. Redio ikiwaita hawa "wapaze sauti ya amani", watapaza amani ya nani? Ikiwa mwenye duara na mwenye faini hawatajwi, kijana amekodishwa mdomo tu. Na akiwataja bila wao kujibu, tumekwishaiona njia hiyo inakofika.

Bara na visiwani tumelelewa kuiita nchi yetu kisiwa cha amani. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, vijana walimiminika barabarani katika miji kadhaa, Mbeya mojawapo. Watu waliuawa, intaneti ikazimwa kwa siku kadhaa. Sisi wa visiwani, tunaokumbuka Januari 2001 kule Pemba, hatukuhitaji kufasiriwa. Kimya kilichotangulia siku zile kilikuwa kimehesabiwa kuwa amani.

Sisi watu wa ushairi tunayo kanuni ambayo redio ingeweza kuiazima. Katika malumbano, anayejibu huchukua bahari ya mpinzani wake, vina na mizani vile vile, na ndani yake hutia hoja yake. Halazimiki kumpenda; analazimika kumsikiliza hadi silabi ya mwisho, ama jibu lake litapwaya mbele ya hadhira. Kipindi cha Chunya kingeweza kufuata mwendo huo: mchungaji aseme, na mkulima, kabla hajajibu, ayarudie malalamiko ya mchungaji hadi mwenyewe akiri kuwa ndiyo hayo. Ni jambo gumu. Nimewaona watu wazima, washairi wa kutajika, likiwashinda.

Liko na suala la lugha, ambalo wenye miradi hulipita mbio. Utaratibu wa utangazaji wa Tanzania hutaka Kiswahili au Kiingereza. Nakipenda Kiswahili, nimekula kwacho. Walakini mchungaji anayemlilia ndama wake kwa Kisukuma hupunjwa kitu anapolazimishwa kulia kwa lugha ya sokoni. Mkulima aliyeketi upande wa pili wa kipaza sauti atasikia faini na idadi ya ng'ombe. Jina la ndama halitamfikia, pasipo mtu wa kati aliyepewa muda wa kutosha wa kulifasiri.